Kivuli cha Juni

Juni mwaka 1975, Mwenyekiti Shabani alinikuta nimepiga magoti mbele ya ghala la kijiji chetu kipya, nje ya Mtawanya. Nilikuwa nimetandaza jamvi kuukuu juu ya nguzo kujaribia paa la baraza, nikipima kivuli chake.

"Fundi Gaudensi, siku hizi unasujudia vivuli?"

Nilimweleza polepole. Baraza linatazama kaskazini. Ndani watakaa wanawake kuchambua korosho, wanataka kivuli. Nje ni sakafu ya kuanikia, inataka jua. Paa liishie hatua mbili kutoka ukutani.

"Mbili? Tazama!" Jua la saa sita lilikuwa limepenya chini ya jamvi hadi karibu na ukuta. "Wageni wa wilaya nitawakalisha wapi? Weka nne."

"Sasa jua liko kaskazini, Mwenyekiti. Novemba, wakati wa korosho, litakuwa utosini. Hatua nne zitafunika sakafu yote."

"Jua ni hilohilo moja. Umesomea wapi?"

"Sikusoma. Nimeweka alama za kivuli kwetu miaka mitatu."

"Alama kazichore kwenu. Na korosho zikioza, nitakutaja mkutanoni. Mhujumu."

Nilijenga nne. Ila zile hatua mbili za nje niliziezeka makuti peke yake, juu ya fito zake, nikazifunga kwa kamba bila msumari hata mmoja.

Novemba ilipofika, sakafu nzima ilikuwa kivulini. Siku ya nne ya kuanika, Bi Somoe, kiongozi wa wachambuaji, alibonyeza korosho, ukucha ukaingia; bado ilikuwa mbichi. Nyingine zilishaanza kuota ukungu. Mwenyekiti akaja na watu nyuma yake.

"Huyu hapa! Amejenga paa la kuozesha mali ya kijiji!"

"Nani alisema hatua nne?" Bi Somoe akauliza.

"Fundi ndiye mwenye kupima!"

Watu walinitazama. Nilipanda ngazi, nikafungua kamba ya kwanza. Shabani akaishika ngazi na kuitikisa.

"Shuka! Mgeni wa wilaya anakuja Alhamisi!"

"Iache, baba, atavunjika," Bi Somoe alisema, akasimama kati yake na ngazi. Wanawake wengine wakapokea makuti, safu baada ya safu, hadi jua likaangukia sakafu yote.

"Na mgeni atakaa wapi?" Shabani alifoka.

"Akae hapo na korosho," Bi Somoe alijibu. "Naye akauke."

Walicheka sana, kupita kiasi. Korosho zilikauka kwa siku tatu, zile za ukungu tukazitupa. Mkutanoni jina langu halikutajwa.

Shabani hakunisalimu tena mpaka alipohama. Mimi nadhani hakuwa na nia mbaya. Alitazama jua la Juni, akaliamini. Lakini ile ngazi aliitikisa akijua niko juu, na hilo sijaweza kulitafutia sababu.