Kapita wa Daraja la Magogo

Wewe ulimwona Ruphin. Usiniambie ulikuwa mbali. Walipompitisha sokoni Kabambare, amefungwa mgongoni kwa mwenzake juu ya pikipiki, mguu umebanwa kwa fito, ulikuwa unachagua samaki mkavu wa Nyangwe. Ukasema pole, ukageuza uso, ukarudi kwenye bei. Basi nitakueleza ulichokataa kuona, ili kesho usiseme hukujua.

Ruphin ni motari, mwendesha pikipiki wa mizigo. Alikuwa akimbebea mizigo Antoine, yule mwenye depo, ghala la sabuni, chumvi na mafuta ya mawese, kati ya Kasongo na Kabambare. Upande wa Lusangi kuna daraja la magogo. Pale hakuna motari anayevuka peke yake. Anayefika kwanza anazima injini, anakaa, anamngoja wa nyuma. Wanashusha mzigo, mmoja anashika usukani, mwingine anashika nyuma, wanatembea polepole kama watu wenye maiti. Hata kama mmegombana jana juu ya mwanamke, pale utamngoja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Iko tangu baba zao wakisukuma baiskeli.

Kisha Antoine akanunua vidude vya kufuatilia, akavifunga chini ya viti vya pikipiki. Kwenye simu ya ofisi kila pikipiki ikawa kitone: ikitembea ni kijani, ikisimama ni chekundu. Wamotari wakakiita kile kidude kapita. Wazee wa huku hawakuuliza kwa nini. Wanamkumbuka kapita wa pamba, msimamizi wa enzi za ukoloni, aliyesimama nyuma ya migongo ya babu zetu na fimbo, akaita kila pumzi uvivu. Wewe umemsahau. Mimi hapana.

Simu ile alipewa Estelle, binti anayesoma biashara Kasongo, aliyekuja kufanya staji, mazoezi ya kazi, kwa Antoine. Usidhani ni adui wa mashine. Kwao, dada yake aliokolewa na simu siku uzazi ulipokuwa mgumu. Yeye alikuwa akijiuliza neno moja tu: mashine hii inamtumikia nani?

"Viwili vyekundu darajani," Antoine alimwambia siku moja. "Waite kwa simu. Wamelala."

"Hawalale, patroni. Iko wanangojana."

"Kungojana ni nini? Iko mu kozi yako?"

"Iko. Wanaiita kazi ya pamoja. Profesa alituimbia miezi, na hakuijua kama hawa."

"Basi profesa wako aje anunue esansi ya kujaza matangi ya pikipiki zangu."

Estelle hakunyamaza. Alimwomba awape wamotari nao nafasi ya kuona vitone, kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi, waongozane, wafike darajani pamoja. Hakuna atakayengoja sana, hakuna atakayeanguka. Antoine akajibu kwamba hakununua vile vidude ili wamotari waonane. Alinunua ili yeye awaone. Asubuhi yake akatangaza: atakayesimama darajani arudishe ufunguo.

Wakaacha kungojana. Usiwalaumu haraka, wana watoto. Siku ya mvua Faradji, motari mwenzao, alitangulia, akavuka peke yake huku anasali, akapita. Ruphin alifika nyuma yake, mvua imekwisha kulowesha magogo, na hapakuwa na mtu. Gurudumu likateleza. Pikipiki ikamwangukia ndani ya kijito, mguu ukavunjika.

Ofisini kitone kikawa chekundu.

"Ule Ruphin ameanza tena," Antoine akasema. "Mwite aondoke pale."

Estelle akapiga, akafungua sauti watu wote wasikie.

"Yaya Ruphin, kaka yangu, uko wapi?"

"Mu maji. Kapita iko juu yangu, yeye na bidon zake za mafuta. Mwambie patroni, leo mimi ndiye ninamubeba."

Wakulima waliotoka mashambani ndio waliomvuta, wakampandisha kwa mwenzake aliyemleta huku. Antoine aliuliza habari za mafuta.

Alasiri akamkalisha Estelle. Aandike kwamba Ruphin alikwenda mbio, alivunja kanuni, na kwa hiyo nyumba ya biashara haimjui tena, si kwa kazi, si kwa matibabu. Atie sahihi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye simu. Naye atapata alama nzuri ya staji.

"Mashine iliona amesimama," Estelle alisema. "Mbio ziko wapi?"

"Binti yangu, maadili ya kazi ni kumtii anayekupa kazi."

"Hayo ni maadili ya mbwa, patroni. Na mbwa naye kuna siku anauma."

"Staji yako imekufa."

"Basi mutuite kwenye kilio."

Akaiacha simu juu ya meza. Akatoka nje, wamotari walikokuwa wakifunga mizigo, akasema yote kwa sauti: ameombwa aandike nini, juu ya nani, kwa malipo gani. Faradji alizima injini.

"Mimi ndiye sikumungoja," akasema. "Leo yeye, kesho mimi." Akaingia ndani, akaweka ufunguo mbele ya Antoine. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kelele. Yule wa mwisho alisema, "Patroni, vitone vyote ni vyekundu. Utamuita nani sasa?"

Sasa sikia, maana jambo halijaisha. Ruphin amelala hapa Kabambare kwa dada yake Mado. Mguu umevimba, na muuguzi amesema ukichelewa utakatwa. Lazima afike hospitali Kasongo akiwa amelazwa. Pikipiki itauvunja zaidi. Machela imekwisha kufungwa. Faradji na wenzake wako tayari, Estelle ametangulia vijijini kuomba watu wa kupokezana, lakini njia ni ndefu na mabega ni machache. Na wakati huu huu Antoine anagawa funguo zile kwa vijana wa mtaa wako, kwa kanuni ile ile. Mdogo wako yuko pale mlangoni, nimemwona.

Kamtoe. Mwambie arudishe ufunguo kabla hajawasha injini, kisha mje naye wote wawili kwa Mado mbebe. Usioge kwanza, usingoje mvua ikatike, usiniulize nani mwingine anakuja. Simama, twende.