Lori Lililozimika Mlangoni

Lori lile lilikuwa na adabu kila mahali isipokuwa mlangoni kwa mtalaka wa dereva wake. Likipakia mchanga, salama. Likipanda mlima, linanung'unika kama mzee aliyeamshwa usingizini, lakini linapanda. Ila likiteremka ile barabara ya kokoto, dereva akakanyaga breki mbele ya tuta, pu! Kimya. Na tuta lenyewe lilikuwa mbele ya baraza ambapo yule mwanamke alishona nguo tangu walipoachana.

Likishazima haliwaki mpaka lipumzike. Dereva hubaki ameshika usukani, jasho linamtoka, na majirani hawana dogo.

"Mapenzi ni kikohozi!" mmoja alipiga kelele dirishani. "Hayafichiki!"

Siku moja mwanamke aliacha cherehani akaja hadi mlango wa lori.

"Baba Pacha, mimi si mtoto. Linazimaje hapa tu?"

"Hata mimi sielewi."

"Ndiyo maneno yako tangu zamani. Nikikuuliza una nini, unasema hakuna kitu. Nikikuuliza unaondoka kwa nini, hujui. Sasa nisikilize. Likizima hapa tena, nahamia kwa dada yangu, na huko hakuna njia ya lori."

Yalimwingia. Pacha wao walikuwa wameolewa mbali, na kumwona mama yao akiinamia cherehani ndicho kitu kilichompa hamu ya kuamka. Alipeleka lori kwa fundi wake, jamaa aliyeitwa Kelele kwa sababu hakujua kunong'ona.

Kelele alikuwa ameshabadilisha plagi, ameshasafisha kabureta, ile inayoigawia injini petroli, mpaka ikang'aa. Akawasha tena. Pale uani, bila kukanyagwa mafuta, injini ilinguruma kwa upole, glasi ya maji juu yake isingemwagika.

"Gari zima hili!" alifoka. "Mgonjwa ni wewe!"

Dereva alichanganyikiwa zaidi. Alianza kuushuku mguu wake mwenyewe. Labda ndio uliolizima, bila kumwambia? Akavua viatu, akaendesha peku uani ili ausikie vizuri. Mguu haukukiri chochote.

"Twende nalo pale linapozima," Kelele alisema.

"Pale siendi. Nitafutie mteremko mwingine."

Wakaenda mteremko wa sokoni, mbali kabisa na baraza lile. Dereva akaliachia, akakanyaga breki. Pu! Kimya.

Angepaswa kufurahi. Badala yake moyo ulimwanguka, kama mtu aliyegundua barua haikuwa yake. Kumbe lori lilizima popote penye mteremko. Halikuwa na habari na mke wala mtalaka.

Kelele alifungua kabureta. Petroli ilikuwa imefurika mpaka ndani ya koo lake, harufu ikawapiga usoni.

"Halina njaa, limevimbiwa!" alisema. "Ona boya hili. Kazi yake ni kufunga petroli ikishatosha, lakini limekaa juu mno, linachelewa kufunga. Kwenye tambarare huoni kitu. Ukiteremka na kufunga breki, petroli yote inakimbilia mbele, inaikaba injini. Nilikuwa nalipima uani tu, mjinga mimi." Akakunja kijichuma kinachoshika boya, kidogo sana, akarudisha kila kitu. Wakajaribu mteremko uleule. Lori likasimama kwenye breki likinguruma kwa raha zake.

Kesho yake dereva aliteremka barabara ya kokoto. Mwanamke alikuwa amekwisha simama barazani, mikono kiunoni. Dereva akakanyaga breki mbele ya tuta. Injini ikaendelea. Ilibaki kuondoa mguu kwenye breki na kwenda zake, na mguu haukutaka. Majirani wakajitokeza, wakaona lori liko hai na halisogei.

Mwanamke alisogea. "Limepona?"

"Limepona."

"Sasa umesimama kwa nini?"

Lile jibu lake la miaka yote, "hakuna kitu," lilimfika ulimini. Akalimeza. Likapita kwa shida.

"Kwa ajili yako," alisema. "Mengine bado sielewi. Hilo naelewa."

Mwanamke aliitazama boneti ikitetemeka taratibu, akamtazama yeye, akaitazama tena boneti.

"Basi zima," alisema. "Mafuta yanaungua bure."