Swali la Kumbikumbi

Wabwile aliegemeza baiskeli yake ukutani, akaingia darasani kwangu bila kupiga hodi. Watoto wakasimama.

"Nimekuja kumchukua Nekoye," alisema. "Ataenda Kitale kulea mtoto wa shangazi yake."

Nekoye aliinamisha kichwa. Mwaka ulikuwa 1955, hapa Bumula, nami sikuwa nimemaliza hata muhula mmoja tangu nitoke chuoni. Mbele ya wazazi sauti yangu ilikuwa bado inapotea.

"Amekosa nini, Baba Nekoye?"

"Anauliza! Sisi tulisomeshwa vizuri. Mwalimu anasema, wote tunarudia, basi. Wewe umewafundisha kuuliza. Juzi tunapiga vijiti kwa kichuguu, kumbikumbi watoke. Huyu ananiambia ati, 'Baba, wanatoka kwa sababu ya hiyo kelele, ama ni kwa sababu jana kulinyesha?' Mbele ya ndugu zangu! Walicheka mpaka wakakaa chini."

Watoto nao wakacheka. Aliwakazia macho, wakanyamaza.

"Haya, mwalimu. Jibu ni gani?"

Uso uliniwaka moto. "Sijui."

"Hujui? Na wewe ni mwalimu!"

"Sijui, Baba Nekoye. Lakini nyuma ya darasa kuna vichuguu viwili. Kimoja tunaweza kukipigia vijiti, kingine tukimwagie maji tu, tuone. Shida ni kwamba mimi sijui kupiga, na hawa watoto wanapiga ovyo."

Alitazama baiskeli yake. Kisha akavua koti.

Alipiga vizuri, amepiga magoti, kwa mdundo mwepesi kama manyunyu juu ya bati. Watoto walikimwagia maji kichuguu cha pili kwa vibuyu. Tukangoja. Hakutoka hata kumbikumbi mmoja, huku wala kule.

"Wamekataa shule," alisema mtoto mmoja.

Wabwile hakucheka. Alikuwa amechuchumaa, anachungulia shimo.

"Jua ni kali," alisema. "Siku ile kulikuwa na mawingu. Ama ni mawingu yanawatoa? Si vijiti, si maji?"

Watoto wakatazama juu. Sote tulikuwa tunafikiri.

Alijipangusa magoti, akachukua koti lake. Nekoye akaenda kufunga mfuko wake, akarudi kusimama kando ya baiskeli, machozi yanamlengalenga.

"Unaenda wapi?" baba yake akamuuliza.

"Kitale."

"Na hivi vichuguu ataviangalia nani? Rudi ndani. Mawingu yakifunga, mniite."