Ukigusa, Umecheza

Vumbi liliingia kabla ya watu. Liliingia na mwanga wa asubuhi kupitia dirisha lisilo na pazia, likaelea, likatua juu ya mbao za sataranji, juu ya wafalme na farasi, bila kuuliza zamu ni ya nani.

Fundi viti alilifuta kila siku. Funguo za klabu alikuwa nazo yeye. Shule aliiacha mapema. Hapa hakuna aliyemuuliza.

Leo alifuta mara mbili. Mama wa ramani alikuwa anapita mtaani, yule anayeandika vya kutazamwa na wageni. Mnara wa saa ameuandika. Bustani ya waridi ameiandika. Daraja la chuma, kutu tupu, nalo ameliandika! Na klabu je, kijumba cha bati kilichobanwa kati ya duka la mikate na kinyozi, ambacho wapita njia hudhani ni stoo? Ramani inachapwa kesho. Moyo wa fundi ulikuwa juu juu.

"Leo tulieni, jamani," aliwaomba wenzake. "Muwe watu."

Mama akaingia, akatazama kuta. "Pazuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayeondoka. Akageuka. Mkoba wake ukamwangusha farasi mweupe, naye mama, kwa adabu zake, akamwokota.

"Umegusa, umecheza!" Klabu nzima ikalipuka, kama kawaida yake.

"Nimegusa nini tena?"

"Farasi, mama. Ukimgusa, lazima umchezeshe. Sheria ni sheria," akasema kinyozi. "Hata mke wangu simsamehe."

Fundi akafunika uso. Wameniharibia, akasema moyoni. Wameniharibia hawa.

Kiti kikaburutwa, kikalia sakafuni. Mama alikuwa ameketi.

"Haya, anatembeaje huyu punda?"

Wakacheka hadi bati likaitikia. Fundi akakaa mbele yake, akamwonyesha: hatua mbili mbele, moja kando. Mnara wa saa ukagonga, ukagonga tena, na hakuna aliyeinua kichwa.

Alipoinuka, mchezo ulikuwa haujaisha. "Usinigusie jeshi langu. Nitarudi Jumamosi." Kisha akatoa kalamu, akaweka nukta kwenye ramani, ndogo kama chembe ya vumbi.

Kesho yake vumbi likaja tena na mwanga wake. Fundi akafuta dirisha, akafuta viti, akafuta mbao zote, akafika kwenye ule mmoja aliouacha mama, kitambaa mkononi. Zamu ilikuwa yake. Akasimama. Akacheka peke yake.

Akaliacha vumbi likae, dhahabu juu ya farasi mweupe. Angelifutaje? Ukigusa, umecheza.