Maandamano ya Gego

Usiku wa kuamkia leo niliota jino langu limeandamana.

Ndoto ilianzia mezani kwangu, mtaani Umoja, pale tunapokula kila Jumapili sisi wanaume tunaopenda wanaume. Wengi wetu walishafukuzwa kwenye meza za kwao, kwa hiyo hapa tuna sheria moja tu: hakuna anayekula mpaka kila mtu afike, na aliyechelewa sahani yake hufunikwa isipoe tukimngoja. Mimi ndiye mpishi. Mimi pia ndiye ninayempeleka kila mgonjwa kliniki na kumsemea pale mapokezi. Wananiita Mama Mwakio, na jina lenyewe nalipenda kuliko nilivyowahi kukiri.

Basi tumeketi, tumenawa, lakini chapati hazikatiki. Kirimi anavuta moja kwa mikono miwili. Chapati nayo inamvuta yeye.

"Bado mmoja," inasema sahani iliyofunikwa.

Naangaza macho. Tuko wote. "Nani hajafika?"

"Wewe."

"Mimi si nimekaa hapa?"

"Kukaa umekaa," inasema sahani. "Kufika bado."

Kabla sijajibu, gego langu la nyuma, lile linaloniuma tangu mvua zianze, linatoka mdomoni na kuteremka kidevuni. Linapita kati ya ndengu na kachumbari likiwa limebeba bango dogo lililochomekwa kwenye kijiti: NAMI NI WENU. Meno mengine yanalifuata yakiimba "Haki yetu". Nabaki kibogoyo mbele ya wageni wangu, ila naongea vizuri tu. Ndoto nayo ina heshima zake.

Mara meza imekuwa ngazi za kliniki, zile zile tulizozikalia mwaka jana mpaka wahudumu wakaacha kumhoji mwenzetu Odera analala na nani, tena mbele ya foleni nzima. Safari hii mimi ndiye niliye mlangoni, nimefungwa tai ya mkurugenzi, na meno yangu yamekaa chini kwenye ngazi.

"Malalamiko yenu tumeyapokea," nayaambia. "Tutaunda kamati."

Nasikia aibu papo hapo. Maneno hayo nimeyazomea miaka mingi, na sasa yametoka kinywani mwangu yakiwa yamenyooka kabisa.

"Odera ulimpeleka," linasema gego. "Kirimi ulimpeleka mara mbili, na mara ya pili alikuwa na mafua."

"Yalikuwa mafua makali," anasema Kirimi kutoka nyuma. Bado anavutana na chapati.

"Nikienda mimi, nani atapika?" nauliza.

Gego linaweka bango chini. "Hilo silo linalokuzuia. Sema."

Nalegeza tai. "Naogopa. Nikikaa Jumapili moja bila kuwapikia, sijui kama mtu atakuja."

Kirimi anaiachia chapati, inaruka na kugonga ukuta kwa kishindo.

"Mama," anasema taratibu, "chapati zako ni ngumu. Hatujawahi kuja hapa kwa sababu ya chapati."

Nalia, na sioni haya. Meno yanapanda kurudi mahali pake, moja moja. Gego linaingia mwisho, na kabla ya kuketi linasukumana kidogo na jirani yake.

Nikaamka. Nikapitisha ulimi: yote yapo, na gego linauma vilevile. Nikampigia Kirimi kabla sijabadili mawazo.

"Una nafasi asubuhi hii? Jino linanitesa. Nataka mtu wa kunipeleka."

Kwa miaka yote tuliyojuana, alikuwa hajawahi kunisikia nikiomba kitu.

"Nakuja, Mama. Ila mlango utanifungulia mwenyewe. Nimeamka mikono yote miwili inaniuma, kama niliyevutana na kitu usiku kucha."

Sikumwambia ni kitu gani. Nilivaa viatu, nikakaa karibu na mlango kumngoja.