Sampuli za Mama Ndoo

Daktari wa sokwe ndiye aliyembandika mlishaji jina la Mama Ndoo, tena mbele ya wageni. Siku hiyo mlishaji alikuwa amemletea daftari lake. Humo aliandika kwamba kila mara Bibi, sokwe jike mzee kuliko wote kizimbani, alipopewa mkate, tumbo lilimvimba na kinyesi chake kikanuka hamira, ile kuvu ya kuumulia unga.

"Mama Ndoo, wewe beba ndoo," Daktari akacheka. "Mambo ya kuvu za tumboni tuachie sisi tuliosoma."

Wageni nao wakacheka. Mlishaji akatabasamu, akaliweka neno hilo moyoni.

Mkate uliendelea. Daktari akataka kuthibitisha kwamba sokwe wa kizimbani wana kuvu zilezile za wenzao wa porini, kwa hiyo mkate hauwadhuru. Sampuli za kinyesi akaenda kuzichukua mwenyewe, apigwe picha.

Kwa miaka kumi na mmoja kazi hiyo ilikuwa ya mlishaji. Alikivunja kinyesi kingali na joto, akachota katikati, maana upande unaogusa majani ya chini hudaka kuvu za ardhini. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Asubuhi hiyo akamwona Daktari akikwangua upande wa chini, ule uliolalia majani. Ulimi ulimwasha. Hata hivyo akamshikia kisanduku tu.

"Ahsante, Mama Ndoo."

"Haya, Daktari."

Daktari alipoondoka, mlishaji akachota zake katikati, akaziandikia tarehe. Dada wa maabara, ambaye kila siku humwachia kiti chake apumzishe magoti, akampimia bila maswali mengi. Majibu yalichukua wiki tatu. Wiki zote hizo mlishaji alikuwa akimnyang'anya Bibi mkate kwa siri na kumpa majani mabichi.

Siku ya mkutano wa kutoa majibu Daktari akatamba: kuvu za porini tele! Mkaguzi, mama mmoja mpole aliyekuwa na amri juu ya chakula cha sokwe, akauliza, "Ulichota sehemu gani?"

"Eeh... kinyesi si kinyesi tu, mama?"

"Sivyo," akasema mlishaji kutoka mlangoni, ndoo mkononi. Akatoa humo daftari lake na karatasi za maabara. "Asubuhi ileile, sokwe walewale. Hizi ni za katikati. Hamira ya mkate tupu! Kuvu za Daktari ni za majani ya chini, si za tumboni."

Mkaguzi akamvutia kiti, kisha akasoma polepole. "Mkate ukome leo," akasema.

Daktari akamgeukia mlishaji. "Ulikuwa umesimama palepale! Mbona hukuniambia?"

"Ungemsikiliza nani, baba? Ndoo?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa ni Daktari. Mlishaji akammiminia maji, akamsogezea glasi taratibu kama mama mzazi. Si kwamba alimwonea huruma. Hakutaka tu koo limkauke, kwa sababu mkaguzi alikuwa ameshamwagiza Daktari alisome daftari la Mama Ndoo kwa sauti, kuanzia ukurasa wa kwanza.