Jiwe la Fundi Saa

"Umechelewa dakika nne," alisema kwenye simu, hata kabla sijamwamkia.

Alikuwa fundi saa mstaafu aliyefiwa na mkewe. Mimi nilikuwa muuguzi mpya, cheti changu bado kinanukia wino. Mwaka ule ugonjwa ulipotanda, chumba chetu cha upasuaji kiligeuzwa wodi ya mashine za kupumulia, na wagonjwa wa mawe ya figo wakarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Nikaachiwa orodha, simu ya mezani, na chumba kitupu chenye viti vilivyogeuziwa ukutani. Kila Jumanne niliwapigia wote. Homa unayo? Maumivu? Mkojo una damu?

"Na chujio unatumia?" Tuliwaagiza wakojolee kwenye chujio, ili jiwe likitoka lenyewe lionekane.

"Natumia. Ila ni la chai hili, binti. Wageni wakija nitawaambia nini?"

"Wageni siku hizi hawaji, mzee."

"Hata zamani," akasema.

Nami nilijitenga katika chumba cha kupanga, nisije nikampelekea mama ugonjwa. Wiki nzima hakuna mwingine aliyenitania. Nilimweka wa mwisho kwenye orodha, tusikatizwe.

Mwezi wa tatu wa simu hizo tulipewa nafasi ya upasuaji. Moja. Waliobanwa zaidi walikuwa wawili: yeye, ambaye kila Jumanne maumivu yalizidi, na mama mmoja mshonaji, aliyewekewa mrija wa kupitisha mkojo. Ulipaswa kutolewa baada ya wiki sita; sasa ilikuwa ya kumi na nne. Mshonaji kila Jumanne alijibu kwa mkato tu: "Nipo." Daktari mkuu akaniachia nichague, kwa kuwa mimi ndiye niliyewasikia.

Nikaandika jina la fundi saa, nikampigia kwa furaha. Kwenye simu nilizisikia saa zake nyuma, nyingi, kila moja na mwendo wake.

"Mpe mwingine," akasema. "Jiwe lilitoka. Liko kwenye kisanduku cha skrubu."

"Lini?"

"Jumanne ya pili."

"Na maumivu yote yale, mzee?"

"Ningekwambia nimepona, ungenipigia tena?"

Kesho yake mshonaji alitolewa mrija. Ulikuwa umeota magamba kama birika kuukuu. "Wiki moja zaidi, figo ingekwenda," daktari alisema, nami nikaificha mikono yangu mfukoni. Mpaka leo, mgonjwa akinijibu "nipo", namuuliza mara ya pili.

Jina la fundi saa nililikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Jumanne iliyofuata nilimaliza orodha mapema, nikabaki nimekaa. Saa kumi kamili, saa niliyozoea kumpigia, simu ikalia.

"Homa unayo?"

Niliitambua sauti. "Sina, mzee."

"Maumivu?"

Nikavitazama vile viti vilivyoelekea ukutani. Nikavuta changu karibu na simu.

"Kidogo," nikasema.